Zamu ya Marehemu

Nyumbani kwa Mama Gemu vyombo vilikuwa vinaoshwa na marehemu. Usishtuke, ndivyo ilivyokuwa, na mtaa mzima ulijua. Ukipita karibu na dirisha lake mchana, ungesikia milio ya bunduki, kisha kishindo, kisha vijana wakipaza sauti kwa pamoja, "Marehemu, vikombe!" Halafu vicheko, halafu bomba la jikoni likifunguliwa.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mama Gemu alikuwa na sebule kubwa na mume mwenye ahadi kubwa zaidi. Mume akaenda kutafuta maisha, akayapata, akayaoa huko huko. Mama akabaki na mtoto mmoja wa kiume na ile sebule. Hakukaa kulia. Alilia kidogo, tuseme ukweli, lakini alilia huku anasogeza makochi. Akaning'iniza televisheni ukutani, akatandika zulia, akanunua mashine za gemu zilizokwishatumika pamoja na padi zake za kubonyeza, akabandika karatasi mlangoni: VIATU NJE, MATUSI NJE. Vijana wakaja kama nzi, na yeye akapata jina.

Kilichomshinda ni ugomvi. Gemu waliyoipenda ni ya vita, kikosi kwa kikosi, na aliyepigwa risasi kwenye skrini alikuwa anarusha padi, anazira, anamlaumu mwenzake hadi wanashikana mashati. Cha pili kilichomshinda ni vikombe. Aliwauzia chai, wakanywa, wakaacha vikombe zuliani, chini ya kochi, juu ya televisheni, mahali popote isipokuwa kwenye sinki. Na Mama Gemu alikuwa mtu asiyeweza kulala kama kuna kikombe kichafu ndani ya nyumba yake. Hawezi, basi. Angejigeuza kitandani, angejisemesha mwenyewe, mwisho angeamka akakioshe.

Ndipo siku moja akayachukua matatizo yake mawili akayapa dawa moja. Ukifa kwenye gemu, unakusanya vikombe, unaenda jikoni, unaosha, na hurudi vitani mpaka sinki ing'are. Wakacheka, wakaikubali. Tangu siku hiyo hakuna aliyerusha padi tena, maana kufa kulikuwa na shughuli yake. Na ilikuwa raha, msidanganyike. Mama Gemu mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Akiwa jikoni anasikia kishindo tu, anaita, "Nani huyo amefariki? Njoo baba, sabuni iko hapa, pole sana kwa msiba wako!"

Marehemu wa kila siku alikuwa Profesa, kijana mwenye miwani aliyejua kueleza mbinu zote za vita na kufa kabla hajamaliza kueleza. Wa pili alikuwa Msumari, mwembamba, mdomo mkubwa, ambaye wengine wakifa yeye ndiye anayewatangazia msiba. Asiyekufa alikuwa mtoto wa mwenye nyumba. Huyo walimwita Kamanda. Alikuwa amemaliza shule, amevuka kumi na nane, mrefu kuliko mlango wa jikoni, na mikono yake ilikuwa haijui sponji inakaa wapi. Sababu ni moja tu: hafi. Vijana walikuja kutoka mitaa mingine kujaribu kumuua, wakaishia kuosha vikombe.

"Huyu mwanangu," Mama Gemu alikuwa akiwaambia majirani, "kama vita ingekuwa kweli, tungekuwa tumeshashinda." Alisema hivyo kwa kujivuna. Jamani, mtu husema tu.

Siku moja mchana gari lenye kipaza sauti likapita mtaani. Jeshi linachukua vijana, likatangaza, wenye afya, waliomaliza shule, wafike uwanja wa mpira Jumatatu asubuhi. Kamanda alipunguza sauti ya televisheni ili asikie vizuri, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa mama yake. Gari lilipokata kona, akaweka padi chini.

"Mama, Jumatatu mimi naenda."

"Wapi?"

"Uwanjani. Jeshini."

Mama Gemu alikuwa ameshika sinia la chai. Hakuliangusha, kwa sababu hakuwahi kuangusha chombo maishani mwake, lakini alilikalisha mezani polepole sana.

"Jeshini kufanya nini?"

"Kupigana, Mama. Watu wanaenda jeshini kufanya nini tena?"

"Wewe? Wewe ambaye juzi umepiga yowe kwa sababu ya mende?"

Msumari akaangua kicheko, akakatizwa na jicho moja tu la mama mwenye nyumba.

"Mama, mimi siendi kama hao wengine," Kamanda akasema, na macho yalikuwa yanamwaka. "Silaha zote nazijua. Najua ipi inapiga mbali, ipi inachelewa kujaa. Najua kuingia kwenye jengo, najua kujificha. Wenzangu wataanza kufundishwa, mimi nitakuwa nimeshafika. Mimi nimepigana miaka!"

"Umepigana umekaa kwenye zulia langu, unakula karanga!" Mama Gemu akafoka. "Ukisikia njaa unasimamisha vita unakuja kuuliza kuna nini kwenye sufuria!"

Vijana wakacheka, Kamanda naye akacheka, na hicho ndicho kilichomtisha. Angekasirika, angalau angejua mtoto amesikia. Alicheka, akachukua padi yake, akaendelea kuua watu.

Sasa katika nyumba hiyo, kwa wiki kadhaa, alikuwapo mtu mwingine. Mdogo wake Mama Gemu, tumbo moja, ambaye vijana wote walimwita Mjomba. Huyu alikuwa mwanajeshi wa kweli. Alikuwa ametoka mpakani na bega limefungwa bendeji, akapewa likizo apone, na kwa kuwa hakuwa na mke wala nyumba, akaja kwa dada yake. Mchana kutwa alikaa kwenye kigoda cha jikoni akimenya viazi kwa mkono mmoja na kisu kikali, ganda linatoka refu bila kukatika. Vijana walimchungulia kama vile wanachungulia simba. Walimngoja asimulie. Hakusimulia. Walipomuuliza ameua wangapi, aliwauliza wameshakula.

Mama Gemu alidhani milio ya bunduki za televisheni inamsumbua, akataka kuipunguza. Mjomba akakataa. "Hizo ni kelele za sufuria tu, dada. Hazifanani hata kidogo." Lakini kuna kitu ambacho dada mtu alikiona. Kila vijana walipopaza sauti, "Marehemu, vikombe!" kisu kilisimama, ganda likakatika.

Basi siku ile ya tangazo, Mama Gemu aliingia jikoni, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Umesikia anachosema mpwa wako?"

"Nimesikia."

"Kazungumze naye. Wewe ndiye atakayekusikiliza, mimi ananiona mama tu. Mwambie jeshi ni baya. Mtishe. Mwambie unavyolala umekaa."

Mjomba akatumbukiza kiazi kwenye maji. "Dada, kijana wa umri ule ukimtisha na jeshi, umemwongezea hamu. Hata mimi nilitishwa."

"Sasa umeletwa hapa kunisaidia nini, kunimenyea viazi?"

"Na umevila vyote."

"Usinifanyie mzaha!" Sauti yake ikapasuka katikati. "Sina mwingine mimi. Ni yule tu. Akienda akarudi kwenye sanduku, mimi nitabaki na nani? Na televisheni?"

Mjomba aliweka kisu chini. Kisha akasema atajaribu, lakini hajui aanzie wapi, na ni kweli alikuwa hajui. Siku zikapita. Kila mara alipomsogelea mpwa wake, mpwa alikuwa wa kwanza kuuliza: kule mnavaa nini, bunduki yako ni ipi, mabomu mnapewa mangapi. Mjomba anatazama zulia, anasema, "Tutaongea," anarudi kwenye viazi vyake. Mama Gemu alikuwa akitazama yote haya huku roho inamchemka.

Ikafika Jumapili. Mchana sebule ilikuwa imejaa, kikosi kilikuwa kimepungukiwa na mtu mmoja, na Msumari, ambaye aibu haimjui, akaenda kusimama mlangoni mwa jikoni.

"Mjomba, shikamoo. Njoo utujazie kikosi. Leo tucheze na mwenyewe kabisa."

"Marahaba. Bega langu bovu."

"Padi haihitaji bega, Mjomba, inahitaji vidole gumba!"

Mama Gemu alimtazama mdogo wake, mdogo wake akamtazama, kisha akafuta mkono kwenye suruali, akaenda. Wakampa nafasi ya heshima katikati ya zulia. Alishika padi juu chini, wakamgeuzia. Mama naye akaja akaegemea mlango, kitambaa cha vyombo begani.

Mjomba hakujua kucheza. Mtu wake kwenye skrini aligonga ukuta, akatazama mbingu, akazunguka kama kuku aliyepotea. Vijana walikuwa wanakufa kwa kucheka na kumwelekeza wote kwa pamoja, hadi akapata pa kushika. Akaanza kumfuata Kamanda nyuma, hatua kwa hatua, kwenye mji wa kuchorwa wenye nyumba zilizobomoka. Kamanda alikuwa anang'ara. Anaongoza, anaamuru, "Msumari kushoto! Profesa lala chini, lala, wewe mtu lala!" na maadui wanaanguka.

Halafu, kwa sababu alikuwa anajionyesha mbele ya mjomba wake, akatoka wazi barabarani bila kuangalia juu. Mlio mmoja. Kamanda akaanguka.

Sebule nzima ilisema "Aaah!" Ilikuwa kama kuona jua limechomoza magharibi.

"Haina neno, haina neno!" Kamanda akasema. "Nitarudi. Mjomba, songa mbele, shika lile jengo."

Mtu wa Mjomba kwenye skrini alisimama. Hakusonga. Alirudi nyuma, akaenda hadi pale barabarani alipolala mtu wa Kamanda, akapiga magoti karibu yake.

"Mjomba, usikae hapo, wazi hapo! Niache!"

"Siwezi kukuacha hapa," Mjomba akasema.

"Narudi sasa hivi! Ni sekunde tu, inahesabu, unaona? Narudi sasa hivi!"

"Siwezi."

Hakuwa anatania. Mama Gemu aliona vidole gumba vya mdogo wake viko juu ya padi, havibonyezi kitu. Kwenye skrini mtu wake alikaa vile vile, amepiga magoti barabarani karibu na mwenzake, mpaka alipopigwa naye akalala. Kikosi kikashindwa. Na Msumari, kwa mazoea tu, maskini, hakuwa na ubaya wowote, akatangaza kwa sauti yake yote:

"Marehemu, vikombe!"

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliweka padi chini kwa uangalifu, akainuka, akachukua sinia, akaanza kuokota vikombe kimoja kimoja kwa ule mkono mzima. Kamanda alibaki amekaa.

"Na wewe," Mama Gemu akamwambia. "Umekufa. Sheria ni sheria."

Hivyo ndivyo Kamanda alivyoingia jikoni kuosha vikombe, pengine kwa mara ya kwanza tangu sheria ile ilipotungwa. Mama yake akamwonyesha sponji. Mjomba alifungua bomba, akachukua kikombe cha kwanza, kile chenye chai iliyokauka chini, ya tangu asubuhi. Akakitazama. Maji yakaendelea kutiririka, na mama mtu, ambaye angempigia kelele mtu yeyote anayemwaga maji ovyo, aliyaacha.

"Kule kwetu kila mtu ana kikombe chake," Mjomba akaanza, hamtazami mtu. "Cha bati. Nilikuwa na mwenzangu tunamwita Redio, kwa sababu hazimi. Anaongea anakula, anaongea analala. Ukitaka kumnyamazisha mpe chai. Siku moja wakaitwa, yeye na wengine wawili, wakaangalie njia. Alikuwa amefika nusu ya kikombe. Akakiweka juu ya boksi, akasema, asikiguse mtu, narudi sasa hivi."

Kamanda alikuwa ameshika sponji, matone yanamdondokea miguuni.

"Kile kikombe kilikaa. Tulikuwa tunakipita. Unajua nafasi ilikuwa ndogo, lakini kila mtu alikipita kwa mbali. Chai ikakauka, ikafanya duara pale chini, kama hili. Hakuna aliyetaka kukimwaga, maana ukikimwaga umesema harudi. Mwishowe nilikiosha mimi. Nilikisugua muda mrefu, lile duara halitoki. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri au vibaya."

Akafunga bomba. Sebuleni vijana walikuwa wametega masikio.

"Dada," akasema, "sheria yako ni nzuri, nyumba inang'aa. Lakini umeipindua. Mimi sijawahi kuona marehemu akiosha kikombe. Wanaoosha ni waliobaki."

Mama Gemu akaitazama sabuni iliyokuwa kando ya sinki. Ndiyo, alicheka nao. Yeye ndiye aliyewaita, njoo baba, sabuni iko hapa, pole kwa msiba wako.

Kamanda aliuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, ulikuwa unaogopa?"

"Kila siku. Hata sasa hivi."

"Sasa mbona unarudi? Mama amesema bega likipona unarudi."

"Wenzangu wako kule." Akafikiri kidogo. "Na si kila siku ni ile siku. Mwaka wa mafuriko tulibeba watu mgongoni, vikongwe, watoto, hadi mbuzi. Bibi mmoja alinipiga kwa mwamvuli njia nzima, anasema nimemwacha paka wake. Ile kazi naipenda. Sikukatazi kwenda, mpwa wangu. Ninachokukataza ni kwenda unacheka."

"Weee!" Mama Gemu akalipuka. "Humkatazi? Humkatazi! Nimekuomba uzibe njia, wewe unamfagilia?"

"Dada, njia ilikuwa wazi. Mimi nimemwashia taa tu."

"Toka jikoni kwangu!"

Mjomba akatoka. Alitoka na kile kikombe mkononi, akaenda kukioshea bombani nje.

Jioni ile gemu ilizimwa mapema. Vijana waliaga mmoja mmoja, kwa adabu ambayo Mama Gemu hakuwahi kuiona, na Profesa alisahau kubishana. Kamanda alikwenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma, pale wanapoanika nguo. Mama yake alizunguka ndani akipanga vitu vilivyokwishapangwa, kisha akashindwa, akamfuata, akaketi karibu naye. Ngazi ilikuwa nyembamba, walibanana.

"Mama, naogopa," Kamanda akasema.

Alifurahi! Tusimhukumu, ni mama. Moyo wake uliruka kabisa. "Basi usiende, baba yangu. Si lazima. Kazi ziko nyingi duniani."

"Lakini nataka bado."

"Unataka nini, na unaogopa?"

"Ndiyo maana nashangaa mwenyewe." Alikuwa anakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. "Mpaka jana nilikuwa naiona vita kama gemu, Mama, sikufichi. Nilikuwa najiona nakimbia, wengine wanaanguka, mimi sianguki. Leo pale nilipoanguka, nikamwona Mjomba haondoki. Kwenye gemu hakuna mtu anayefanya vile. Ni ujinga, unapoteza pointi. Nimekaa nafikiria, nataka kuwa mtu anayefanya vile. Wa kubeba wale vikongwe. Sijui kama nitaweza. Labda watanirudisha hata kesho."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba kufa ni kuosha vikombe," Mama Gemu akasema, na machozi yakaanza kumtoka waziwazi, hakuyaficha. "Mimi na hiyo sebule yangu."

"Ulitufundisha kuosha vikombe, Mama. Msumari kwao hajawahi kushika hata kijiko."

Akacheka huku analia, akampiga mtoto kofi la bega, kisha akauacha mkono wake pale pale begani. Alitaka kusema nakataza. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Angesema, na mtoto yule angetii, alimjua, angebaki, na kila asubuhi angemwona amekaa kwenye zulia anapigana vita ya kuchorwa na kumchukia mama yake kidogo kidogo bila kujua. Akalimeza.

Jumatatu Kamanda alikwenda uwanjani. Wakamkimbiza, wakampima, wakamwuliza maswali. Alirudi jua limeshuka, vumbi mpaka kwenye kope. Hakungoja mama aulize.

"Wamenichukua," akasema. "Waliniuliza kwa nini nataka. Wenzangu walikuwa wanasema kupigana, kulinda, maneno makubwa makubwa. Mimi nikasema sina hakika, ila naweza kubeba watu. Yule ofisa alinitazama wee, akaandika kitu."

Mama Gemu alimpa maji ya kuoga. Kisha akaingia sebuleni, vijana wakiwa katikati ya vita, akazima televisheni moja kwa moja ukutani.

"Mama Gemu! Tulikuwa tunashinda!"

"Vizuri. Sheria imebadilika. Kuanzia leo, anayekufa anakaa chini, ananyamaza. Wanaobaki hai ndio wanaoosha."

"Haaa!" Msumari akaruka. "Sasa kuna faida gani ya kushinda?"

"Faida ni kwamba uko hai. Chukua sponji."

Wakanung'unika, lakini wakaosha. Na kwa kuwa Kamanda alikuwa hafi, siku zote zilizobaki kabla ya safari alikuwa jikoni. Alijifunza. Mwanzoni aliacha sabuni kwenye vishikio, mama akavirudisha vikombe kwenye sinki bila huruma. Baadaye akawa anaosha vizuri kuliko Profesa, na wakati mwingine mama yake alikuwa anasimama nyuma yake kumtazama tu, anajifanya anatafuta chumvi. Mdogo wake alikuwa amesamehewa, ingawa hakuambiwa. Alijua tu alipoona viazi vimerudishwa karibu na kigoda.

Siku ya safari ikafika. Bega la Mjomba lilikuwa limepona, na wote wawili walikuwa wanaondoka kwa gari moja hadi mjini, kisha kila mtu na njia yake. Asubuhi walikunywa chai jikoni, wamesimama, mabegi mlangoni. Hakuna aliyekuwa na hamu ya chai, wakanywa kwa sababu mama alikuwa ameichemsha. Honi ikalia nje. Kamanda akaweka kikombe chake juu ya meza, chai imefika nusu.

"Mama, kiache hapo, naru—"

Akasita. Alimtazama Mjomba, na Mjomba alikuwa anatazama kile kikombe. Kamanda akakichukua upesi, akainywa ile chai kwa mkupuo mmoja, moto unamtoa machozi, akakimbilia sinki. Honi ikalia tena, ndefu. Alikuwa anapapasa sponji.

Mama Gemu akamshika mkono. Akakitoa kile kikombe kwenye vidole vyake.

"Nenda, gari litakuacha."

"Nakiosha mara moja, Mama, usibaki nacho."

"Nimesema nenda. Utakiosha ukija likizo. Mimi sikioshi, wala hapa hakioshi mtu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi. Nenda mwanangu."

Alimkumbatia, akamkumbatia na mdogo wake, akamwambia huyo mdogo wake maneno makali sikioni ambayo hatutayarudia, na Mjomba akaitikia kwa kichwa. Kisha wakaenda. Hakutoka nje kupunga mkono. Alisikia gari likiondoka, akakiweka kile kikombe juu kabisa ya rafu, pembeni ya birika, kikiwa na matone ya chai yaliyobaki chini.

Usiku ule Mama Gemu alilala nyumba ikiwa na kikombe kichafu. Na usiku uliofuata, na uliofuata huo.

Vijana waliendelea kuja. Siku moja mchana Msumari, akiwa hai kwa bahati ya ajabu, alikuwa amemaliza kuosha, akainua macho kwenye rafu.

"Mama Gemu, kuna kimoja huku juu kimesahaulika. Kina hadi duara." Akanyoosha mkono, akakishusha, akafungua bomba.

"Kiache!"

Msumari aliruka. Mama Gemu alikuwa amefika pale mlangoni bila hata kuvaa kandambili.

"Kina mwenyewe hicho," akasema, safari hii taratibu.

Msumari, mwenye mdomo mkubwa kuliko wote mtaani, alikitazama kile kikombe. Akafunga bomba. Akakirudisha kwenye rafu kwa mikono yote miwili, akakigeuza kishikio kikae kama alivyokikuta.

"Anakuja lini?" akauliza.

"Likizo."

"Likizo ni lini?"

"Sijui, Msumari," Mama Gemu akasema. "Kafute meza."

Msumari akachukua kitambaa, akaenda kufuta meza.